Mtoto Aliyeanikwa: Uonevu wa Mtandaoni na Namna Tunavyoulea

Muheza ni mahali watu wanapojuana. Mji umekaa chini ya milima ya Usambara Mashariki, kando ya barabara iendayo Tanga kutoka Segera, na msimu wa machungwa ukifika watu wa vijiji vingi hukutana sokoni. Ukipanda Amani, au ukizunguka hadi Lushoto upande wa magharibi wa milima, utakuta hali ni ileile: ukoo umepakana na ukoo, mwalimu amesoma na mzazi, na mtoto akibandikwa jina la kejeli shuleni, jina hilo hufika nyumbani kabla yake. Mtu angeweza kudhani kwamba katika mazingira haya uonevu wa mtandaoni ni shida ya Dar es Salaam na Nairobi. Sivyo. Mahali watu wanapojuana ndipo picha moja iliyosambazwa inapouma zaidi, kwa kuwa kila anayeiona anamjua mtoto aliye ndani yake, anamjua na mama yake, na kesho atakutana nao njiani.

Makala haya yanauliza maswali matatu: watoto wetu wanaoneana vipi mtandaoni, kwa nini hawasemi, na nani ana uwezo wa kukomesha jambo hili. Hoja yangu ni kwamba uonevu huu unaishi kwa mambo matatu: mazoea ya kuaibishana hadharani, umati wa watazamaji, na kimya cha anayeumia. Yote matatu, sisi watu wazima ndio tunaoyalea.

Ugomvi ni kitu kimoja, uonevu ni kingine

Mtafiti Dan Olweus, aliyefanya kazi Norway tangu miaka ya 1970, ndiye aliyeweka msingi wa namna dunia inavyouelewa uonevu miongoni mwa watoto. Alitaja alama tatu: kuna nia ya kuumiza, kitendo kinarudiwarudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa na anayemwonea. Alama hizo hutenganisha uonevu na ugomvi wa kawaida. Watoto wawili wakitukanana kwenye WhatsApp leo na kesho wakapatana, hao wamegombana. Darasa zima likimwandama mmoja wiki nzima kwa sababu ya kigugumizi chake, huo ni uonevu.

Simu imezigeuza alama zote tatu. Nguvu haiko tena kwenye misuli. Mwenye nguvu sasa ni yule aliyeshika picha ya mwenzake, mwenye wafuasi wengi, au aliyejificha nyuma ya akaunti feki. Kurudiwa nako kumebadilika: mwoneaji anaweza kutuma mara moja tu, kisha wengine wakaifowadi mara mia, na kila anayefowadi ni kama amempiga mtoto yule upya. Hata nia imekuwa ngumu kuipima, maana mtoto anayetuma stika ya sura ya mwenzake akilia huona anachekesha tu. Haoni uso wa aliyeumia, na uso huo ndio uliokuwa ukimzuia mtoto wa zamani asivuke mpaka.

Sura za uonevu huu ni nyingi. Kuna kumpiga mtoto picha akiwa amelala, amechafua sketi au amevaa viatu vilivyotoboka, kisha kuituma kwenye grupu la darasa. Kuna kufungua akaunti kwa jina lake na kuandika machafu. Kuna kupiga skrinishoti ya maneno aliyomwambia rafiki mmoja kwa siri na kuyamwaga kwa watu sitini. Kuna kumtoa kwenye grupu ambalo wenzake wote wamo, ili ajue kwamba anasemwa. Kuna kumtishia kwamba asipotoa fedha, au asipotuma picha nyingine, ya kwanza itavujishwa. Na sasa kuna programu za akili mnemba zinazoweza kuuweka uso wa mtoto kwenye mwili usio wake. Picha ni ya uongo, lakini aibu inayomfika mtoto ni ya kweli.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Utafiti mkubwa wa Tanzania unaokaribiana na suala hili ni ule wa Disrupting Harm, ulioongozwa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF na kutolewa mwaka 2022. Ulikuta kwamba asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Kati yao asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa udhalilishaji wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, hesabu inayokaribia watoto 200,000 nchi nzima. Huo ni udhalilishaji wa kingono peke yake. Kejeli, kutengwa na majina ya dharau havimo katika hesabu hiyo.

Kwingineko uonevu wenyewe umepimwa moja kwa moja. Mwaka 2024 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa matokeo kutoka nchi na maeneo 44: mtoto mmoja kati ya sita wa umri wa shule alikuwa ameonewa mtandaoni. Mwaka 2019 UNICEF iliwauliza vijana wa nchi 30 kupitia simu. Mmoja kati ya watatu alisema amewahi kuonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema aliwahi kuacha kwenda shule kwa sababu hiyo. Kwa mwalimu wa shule ya kata, mahudhurio ya mwanafunzi ndiyo dalili ya kwanza anayoweza kuiona bila kushika simu ya mtu.

Madhara hayaishii kwenye mahudhurio. Mtoto analalamika tumbo kila asubuhi, hali vizuri, halali, anashtuka simu ikilia, anawakwepa marafiki aliokuwa haachani nao. Wengine hufikia kuwaza kujidhuru. Mzazi anayeogopa kuuliza akidhani atamtia mtoto wazo hilo anakosea. Kumuuliza kwa upole, waziwazi, humfungulia mlango wa kusema.

Simu moja, watu wengi

Mijadala mingi ya dunia kuhusu suala hili humfikiria mtoto mwenye simu yake na chumba chake. Mtoto wa Muheza mara nyingi hana hivyo. Mama ana kitochi cha kupigia na kupokelea pesa. Simu janja ni ya kaka, ya shangazi, au ya rafiki anayeiazimisha akinunuliwa bando. Wazazi wengine wako Tanga mjini au Dar es Salaam wakitafuta riziki, na mtoto yuko kwa bibi. Bibi anajua mjukuu wake yuko ndani, kwa hiyo anaamini yuko salama.

Hali hiyo ina matokeo ambayo ushauri wa kawaida hauyagusi. Mtoto aliyeazima simu akisahau kufunga akaunti yake, anayefuata anaweza kuandika kwa jina lake. Picha aliyojipiga inabaki kwenye simu ya mtu mwingine, na hana uwezo wa kuifuta. Uchungu mkubwa zaidi ni wa mtoto asiye na simu kabisa, kwa sababu naye anaonewa mtandaoni. Huyo huwa wa mwisho kujua. Anafika shuleni Jumatatu, anaona wenzake wanacheka, wanashtuana kwa viwiko, wala hajui wameona nini. Kumwambia mtoto huyo azime simu au amzuie anayemtukana ni kumpa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Kwa hiyo wanaodhani kwamba kumnyima mtoto simu kutatosha wanalitazama jambo hili upande mmoja tu. Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, imezitaka kampuni kubwa za mitandao zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Dunia inangoja kuona matokeo. Lakini sheria ya namna hiyo inahesabu akaunti, na hapa kwetu akaunti moja inaweza kuwa ya shangazi, ikatumiwa na watoto wanne.

Walikojifunzia

Watoto hawakubuni kuaibishana. Pwani hii ina utamaduni mkubwa wa kusemana kwa sanaa. Tanga ndiko zilikotoka Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipa taarabu mwendo mpya. Kelly Askew, aliyefanya utafiti mjini humo, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2002 jinsi mtu anavyoinuka kumtunza mwimbaji kwenye ubeti fulani ili mwingine ukumbini ajue kwamba ujumbe ni wake. Kuna kanga yenye maneno yanayomlenga jirani. Kuna kusuta, wanawake wakimfuata msengenyaji hadi mlangoni. Na kuna utani, wa babu na mjukuu, wa mtu na shemeji yake, wa kabila na kabila.

Haya yote yalikuwa na mipaka. Mtani anayetania naye hutaniwa. Anayesutwa anawaona wanaomsuta, anaweza kujibu, na jirani mwenye busara anaweza kusimama katikati. Shughuli huwa na mwisho, watu wakarudi majumbani na miezi ikayafunika. Tena, ukiuacha utani wa babu na mjukuu, yalikuwa mambo ya watu wazima, na mtoto akisogea alifukuzwa. Sisemi kwamba hayakumuumiza mtu. Wapo waliohama mtaa kwa kusutwa. Lakini mipaka ilikuwepo na ilijulikana.

Simu imebeba kuaibishana na kuiacha mipaka nyuma. Mtoto anaona wakubwa wakichambana kwenye status. Anaona kurasa za udaku zinavyopata wafuasi kwa kuanika ndoa za watu. Kwenye grupu la ukoo inapita video ya kibaka anayepigwa, na wazee wanaweka alama za kucheka. Picha ya faragha ya mtu ikivuja, anawasikia watu wazima wakiulizana nani ana koneksheni, yaani nani anaweza kuwarushia. Mtoto huyo akimpiga picha mwenzake na kuirusha, ametuiga sisi.

Nyumbani na shuleni nako kuna somo lake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walipata kipigo au ukatili mwingine wa kimwili utotoni, na kama robo moja walifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima. Mtoto anayeitwa mjinga mbele ya wageni, au anayesimamishwa mstarini ili darasa limcheke, anafundishwa kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumdhalilisha asiye nayo. Mazoea ya kuwalinganisha watoto hadharani yanaweza kuachwa, na mfano tunao. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa, na elimu haikusimama. Mwalimu naye anaweza kumwita mwanafunzi pembeni na kumpa alama zake mbovu bila kuzisoma mbele ya wenzake.

Kimya na gharama yake

Mtoto aliyeanikwa hupiga hesabu kabla ya kusema. Simu aliazima bila ruhusa. Shule yake inakataza simu, kwa hiyo akisema ameonewa kwenye grupu, kwanza anakiri kosa. Akikiri, huenda akachapwa. Akishachapwa, ataulizwa: ulifanya nini hata wakakupiga picha hiyo? Mwoneaji anaijua hesabu hii vizuri, na ndiyo silaha yake kubwa kuliko picha aliyonayo.

Kwa msichana hesabu ni nzito zaidi. Tunatoka katika miaka ambayo mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na milango ilifunguliwa tena Novemba 2021. Woga wa binti kwamba jambo lolote linalogusa mwili wake litamwangukia yeye haukuondoka siku ile tangazo lilipotolewa. Mvulana naye ana kifungo chake: ameambiwa tangu mdogo kwamba mwanamume halii.

Disrupting Harm ulionesha kwamba mara nyingi wanaowadhalilisha watoto mtandaoni ni watu wanaowajua, na kwamba ni wachache mno wanaofikisha habari polisi au kwenye simu ya msaada. Mtoto anayeumizwa na mtu wa mtaani kwake, asiyejua amwambie nani, hubaki na mzigo peke yake. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha: yapo mambo ya mtu yanayopaswa kujulikana na mmoja tu, mwaminifu, anayeyatunza. Mtoto naye anahitaji mtu mmoja wa namna hiyo, awe bibi, mjomba, mwalimu wa malezi au ustadhi wa madrasa. Anayekabidhiwa siri hiyo akaenda kuisimulia kibarazani amemwanika mtoto mara ya pili.

Nguvu ya wanaotazama

Tuseme grupu lina watoto sitini. Mmoja ametuma picha, watano wameweka alama za kucheka, na waliobaki wamenyamaza. Aliyeanikwa haoni hamsini na nne walionyamaza. Anaona sitini waliokubali. Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionesha katika miaka ya 1990 kwamba katika uonevu kuna wanaomsaidia mwoneaji, wanaomchochea kwa kucheka, wanaokaa pembeni na wanaomtetea mwonewa. Mwoneaji anatafuta hadhi mbele ya kundi, na kundi lisipompa anachotafuta, faida yake inapungua. Kwa msingi huo Chuo Kikuu cha Turku kilitengeneza mpango wa KiVa, ambao badala ya kumshughulikia mwoneaji peke yake unalifundisha darasa zima. Ulipojaribiwa katika shule nyingi za Finland, uonevu ulipungua.

Somo hilo halihitaji kompyuta wala fedha za Ulaya. Mtoto anaweza kufundishwa mambo matatu: usicheke, usifowadi, mwandikie mwonewa faraghani kwamba uko naye. Ujumbe mmoja wa rafiki, au rafiki anayekaa naye wakati wa mapumziko huku wengine wakinong'ona, huvunja ile imani kwamba dunia nzima imemkataa.

Sheria inafika wapi

Tanzania haikosi sheria. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kulazimisha, kutisha, kusumbua au kumtia mtu uchungu wa moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 13 kinahusu picha za ngono za watoto, na adhabu yake ni nzito zaidi. Kenya nayo ina kosa la kusumbua mtu mtandaoni katika sheria yake ya mwaka 2018.

Ugumu ni kwamba kifungu cha 23 kimeandikwa kana kwamba mwoneaji ni mtu mzima. Akiwa wa miaka 13, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo inayomshika: shauri huenda Mahakama ya Watoto, na mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Hilo ni jambo la haki, maana mwoneaji wa umri huo mara nyingi naye amewahi kuonewa. Lakini wazazi wa pande mbili wanaojua adhabu kubwa tu hubaki na njia mbili mbaya: kutishana polisi, au kumalizana kifamilia kwa fedha huku mtoto aliyeumia akiwa hajaulizwa lolote. Katikati ipo njia ya tatu: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa hadi vijijini chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Vyombo hivi vimezoea kesi za kipigo na mimba. Viitwe pia kwenye kesi za simu.

Picha ya utupu ya mtoto inahitaji uangalifu wa pekee. Mzazi anayeituma kwa majirani akisema anatafuta ushahidi anaieneza, na anaweza kuwa mkosaji mwenyewe. Peleka simu yenyewe polisi, usiitume picha. Kwa matusi na vitisho vya maneno, usifute: hifadhi skrinishoti zenye namba na tarehe, kisha mzuie mtumaji na umripoti kwenye mtandao husika. Kwa picha za utupu za walio chini ya miaka 18 kuna pia huduma ya bure ya Take It Down ya Marekani, iliyoanza 2023. Husaidia Facebook, Instagram na TikTok kuitambua picha na kuiondoa bila picha yenyewe kutumwa, ingawa haiwezi kuingia ndani ya mazungumzo ya WhatsApp. Na namba 116, simu ya msaada kwa watoto inayoendeshwa na C-Sema, hupigwa bure hata kwa kitochi.

Pa kuanzia

Mengi yanaweza kufanywa kesho bila bajeti. Admini wa grupu la ukoo au la wazazi anaweza kufuta ujumbe unaomdhalilisha mtu, kwani WhatsApp imempa uwezo huo, na kusema wazi kwa nini ameufuta. Vijana wa grupu wataiona sababu hiyo. Shule inaweza kumteua mwalimu mmoja ambaye watoto wenyewe wamemtaja kuwa wanamwamini. Madrasa na kanisa vinaweza kufundisha kwamba kusengenya kwa kidole ni kusengenya. Mzazi aliye mbali anaweza kupiga simu na kuuliza, mbali ya maendeleo ya masomo, nani anamcheka mtoto wake na nani anacheka naye.

Lakini kama Muheza ingefanya jambo moja tu, ningeomba lifanyike kwenye kikao cha wazazi cha kila shule, lipitishwe kwa mikono kuinuliwa na watoto wasomewe mstarini: mwanafunzi atakayeripoti kwamba yeye au mwenzake ameonewa mtandaoni hataadhibiwa kwa kushika simu. Shule ibaki na katazo lake la simu kwa mengine yote. Kwa hili, mlango uwe wazi. Azimio hilo linamnyang'anya mwoneaji silaha yake, linawapa watazamaji ruhusa ya kusema, na linamwonesha mtoto kwamba wakubwa wamechagua kumlinda yeye kwanza. Wazazi wanaweza kulipitisha kikao kijacho.